Joho la Muuza Mkaa

Ulikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. La, si kumi na moja. Kumi na moja ndio mwaka cherehani yake ilipokatika mkanda, akashona miezi mitatu kwa mkono, na siku Daktari alipokuja kugonga kichwa kwenye dari la kibanda, cherehani ilikuwa imeshapona zamani. Basi ni kumi na tatu. Mkewe naye anasema kumi na tatu, na katika mambo ya tarehe mkewe hajawahi kushindwa na mtu, kwa hiyo iwe hivyo tusonge mbele.

Mwenyewe alikuwa fundi wa viraka. Watu walimwita Kiraka, naye aliitika. Nguo mpya hakushona. "Nguo mpya anaweza kuishona yeyote mwenye macho," alikuwa akisema. "Kuikuta nguo imeshajikatia tamaa ukairudisha kwa watu, hapo ndipo tutaonana." Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la orofa tatu. Dari liliinama kufuata ngazi, hata mteja mwenye cheo kikubwa akiingia, aliingia ameinamisha kichwa, apende asipende. Kila aliyepanda juu alimpigia ngoma utosini. Mlikuwa na cherehani, pasi yenye waya uliozongwazongwa kitambaa, debe la vipande vya nguo, na msumari nyuma ya mlango. Kwenye msumari ule lilining'inia joho la mwalimu wake.

Mwalimu wake alikuwa muuza mkaa. Asije mtu akawaza kilemba kirefu na ndevu zilizochanwa. Alikuwa na ghala la mabati nyuma ya soko, magunia, mizani yenye kutu, na kucha ambazo sabuni ilishaziacha na mambo yake. Mara moja kwa wiki, baada ya swala ya alasiri, watu saba wanane walikaa juu ya magunia yaliyokunjwa: fundi wa magari, nesi wa zahanati, msukuma mkokoteni, Kiraka, na wengine wa namna hiyo. Walileta dhikri mpaka sauti zikawa moja, kisha wakanyamaza, kisha mwalimu akasema jambo moja. Moja tu, wakaenda nalo nyumbani kulitafuna wiki nzima. Siku moja alisema, "Mkaa ni kuni zilizoacha kubishana na moto." Msukuma mkokoteni akauliza, "Na sisi je, mwalimu?" Akamjibu, "Ninyi bado mnatoa moshi." Wakacheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa.

Joho, mzee huyo naye alilirithi kwa mwalimu wake. Alilivaa kubebea magunia, kwa hiyo kila mwezi lilichanika begani, na kila mwezi Kiraka alilishona. Sharti lilikuwa moja: kisitumike kitambaa kipya. "Lishonee vya watu," mwalimu alimwambia, "vile walivyokwisha kuvitumia." Miaka ikaenda. Bega likaisha, mgongo ukaisha, mikono ikaisha. Mwaka ule wa mkanda wa cherehani ikaisha na kola, iliyokuwa kipande cha mwisho, na Kiraka akashona nyingine kwa mkono. Alipompelekea, mwalimu alilivaa, akajipapasa shingoni, akasema, "Eeh! Leo ndiyo limekuwa joho." Kiraka hakuelewa, lakini ilikuwa desturi yao kutoelewa palepale.

Mwaka uliofuata mzee akafa. Siku mbili kabla, alimwita Kiraka akamwekea joho mapajani. "Lishone mpaka umwone mwenye baridi kuliko wewe, umpe. Na siku utakayojiona mkubwa kwa kulishika, ujue limeanza kuunguza."

Hayo ndiyo maneno. Hayakuwa magumu. Mtoto angeyafuata.

Sasa tumweleze Daktari. Daktari huyu hakutibu mtu. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu, na aliupata kwa kuandika juu ya masufi na fikra za kisasa. Zamani, akiwa mwanafunzi, alifika ghalani mara tatu. Alikuja na kinasa sauti, na leso ya kutandika chini ya suruali. Mara ya tatu mwalimu alimwambia, "Mwanangu, nisaidie gunia hili kwa bibi wa nyumba ya kona." Akakumbuka ghafla kwamba ana kipindi. Akaenda ng'ambo, akakaa miaka saba, akarudi na kitabu kinene ambamo mkaa ulikuwamo, lakini muuzaji wake hakuwamo. Sentensi ile moja ya mzee ilipewa kurasa arobaini. Kuni zikawa "nafsi yenye kujitenga," moto ukawa "kisicho nafsi," na kubishana kukawa jambo refu ambalo hata mwandishi alilivuka kwa kushika ukuta. Kuni zenyewe zingesomewa, zingerudi msituni kwa miguu.

Na miaka yote aliyorudi, akihutubia juu ya mwenye mkaa huku na huku, mwenye mkaa alikuwa hai, umbali wa mtu kutembea, anapima kilo zake. Daktari hakwenda hata kumwamkia. Mwalimu aliye hai ana ubaya mmoja kwa wataalamu wa namna hii, kwamba anaweza kukanusha.

Mzee alipokwisha kuzikwa na hatari hiyo kupita, Daktari akafungua Kituo cha Usufi na Fikra za Kisasa. Jengo la vioo, zulia nene, viti vimepangwa duara. Mabosi wa maofisini walikuja kwa mafunzo ya siku mbili ya kuiua nafsi, chai na vitafunio humo humo. Iliuawa Ijumaa saa nne, ikazikwa Jumamosi mchana, na kila muuaji akapewa cheti chenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Jumatatu wakakitundika ukutani ofisini, juu ya kichwa cha nafsi ile ile, nayo imenona.

Kilichopungua kituoni ni kitu cha kuonyesha watu. Ndipo Daktari akaja chini ya ngazi.

"Shikamoo, mzee wangu." Akagonga kichwa.

"Marahaba. Pole na dari. Halina adabu kwa wageni."

Daktari akajipapasa paji la uso huku macho yako kwenye msumari. "Hili ndilo?"

"Ndilo."

"Mnalitundika kwenye msumari?"

"Hata mwenyewe alilitundika kwenye msumari. Na wake ulikuwa umepinda."

"Mzee wangu, hii ni hazina. Tutalitengenezea kabati la kioo, lenye taa. Na wewe, siku ya uzinduzi, utakaa mstari wa mbele. Na kadi yako hii hapa, tumeshaiandika: Mhifadhi wa Khirka."

"Mhifadhi wa nini?"

"Khirka. Joho la viraka la masufi. Ndilo jina lake."

"Ala! Kumbe lilikuwa na jina la kusafiria."

Alitania, lakini usimwamini. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuipokea kadi. Ilikuwa ya karatasi ngumu yenye ukingo wa buluu, na tangu azaliwe hakuna mahali alipoandikwa kwenye karatasi ngumu. Njiani kwenda nyumbani aliitoa mfukoni mara saba. Alimwonyesha kinyozi. Alimwonyesha mwuza vocha. Alimwonyesha mtu aliyemwuliza njia. Miaka thelathini ya dhikri juu ya gunia, na kadi moja ikamrudishia nafsi yake nzima nzima, kama mbuzi aliyepotea akarudi na watoto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nguo ndiyo kazi yake.

Mkewe aliisoma kadi mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hapakuandikwa kitu.

"Kabati la kioo!" akasema. "Mimi miaka yote naomba kabati la vyombo, tambara linapata la kioo."

"Si tambara, mama watoto. Ni khirka."

"Khirka ni wewe." Lakini alikwisha kuanza kupasha pasi. "Mstari wa mbele ni ule wenye viti vya kitambaa?"

"Ule ule."

"Basi usije ukakunja miguu ukadhani uko juu ya gunia la mkaa." Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa unajua, mpaka wale ambao hawakuwa na haja ya kujua.

Siku moja kabla ya uzinduzi, Kiraka alilipeleka joho kituoni likakaguliwe. Walilitandaza kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Alikuwapo mtaalamu wa makumbusho, binti mwenye glavu nyeupe na kioo cha kukuzia, maana kitu hakiwezi kuingia kwenye kabati bila karatasi ya kusema ni cha kweli. Daktari alisimama kichwani pa meza, na wafanyakazi wake wanne wakiandika, akawa anawaeleza.

"Fikra za kisasa zimekuja kugundua walichokijua masufi," alisema. "Ndani ya mtu hakuna kiini. Tunachokiita mimi ni mkusanyiko tu. Ukimfungua mtu tabaka kwa tabaka kumtafuta yeye wa asili, hutamkuta."

Wakaandika: hutamkuta.

"Baba," yule binti akamwambia Kiraka, "kipande hiki ni cha asili?"

"Hapana, mwanangu. Hicho ni suruali ya fundi wa magari. Si unaliona doa la grisi?"

"Na hiki?"

"Gauni la nesi. Alinipa alipostaafu."

"Hiki chenye maua?"

"Pazia la shemeji yangu. Mpaka leo anaamini liliibwa kwenye kamba."

Binti akacheka. Daktari hakucheka. Kioo kikapanda mgongoni, kikashuka mikononi, na kila kilipotua Kiraka alitaja mtu. Shuka la zahanati. Kanzu ya marehemu baba yake. Mfuko wa unga, hapa kwapani, ambapo hapaonekani. Daktari akaanza kulegeza tai.

"Sasa cha mwalimu mwenyewe kiko wapi, mzee?"

Kiraka akaligeuza joho upande mmoja, akaligeuza na wa pili. Daktari akamshika kiwiko, akamvuta hadi dirishani, akamnong'oneza, "Mzee wangu, kola. Sema kola tu. Nani atajua?"

Hebu mtazameni. Mtu ambaye dakika moja iliyopita hakuwa na kiini, wala ninyi hamna, wala ulimwengu hauna, sasa anaomba kiini kidogo, hata cha upana wa kola, ili apate cha kuwashia taa.

Na Kiraka? Kiraka aliiona kadi. Aliviona viti vya kitambaa. Alimwona mkewe, na mtaa mzima nyuma ya mkewe. Alimwona na mwalimu pia, lakini marehemu hawana kelele. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, vidole vinne kwa upana. Akarudi mezani.

"Kola," akasema. "Kola ni ya asili."

Daktari akashusha pumzi. Binti akainamisha kioo shingoni mwa joho, akatazama kwa muda.

"Ndiyo, inaelekea," akasema. "Kazi ya mkono. Hafifu sana. Huyu hakuwa fundi. Uzi wenyewe umepinda."

"Hafifu?" akasema Kiraka.

"Sana, baba. Pengine alishona mwenyewe, muuza mkaa, mkono mzito."

"Umepinda wapi?"

"Hapa. Na hapa. Mtu aliyejua kazi angeunyoosha."

Daktari alikuwa amekwisha kumkanyaga mguu, lakini aliyekanyagwa hakuwapo tena. "Mwanangu!" Kiraka alipaza sauti hata wale wanne wakaacha kuandika. "Huo uzi umepindishwa! Umepindishwa makusudi, ili gunia likikaa begani kola isimkate mtu shingo! Ukiunyoosha ndiyo unamchinja! Nimeushona mimi, kwa mkono, siku nne, mkanda wa cherehani ulipokatika, na mwenyewe alivaa akasema leo ndiyo limekuwa joho! Hafifu! Niletee fundi yeyote wa mji huu aushone hivyo, nitamnywesha chai mpaka afe!"

Ukweli una milango mingi. Mlango wa uchaji Mungu ulikuwa umefungwa siku ile, ukaingia kwa mlango wa majivuno, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua, kisha akasimama pale anashangaa nani kapita.

"Kwa hiyo," Daktari akasema polepole, "hakuna hata uzi mmoja?"

"Hakuna."

"Basi hili si joho la mwalimu!"

"Alilivaa mpaka siku mbili kabla ya kufa."

"Si la asili, mzee! Haya ni makombo ya nguo za watu!"

"Ndivyo alivyotaka."

"Umenipotezea muda!" Alisema hivyo mtu wa kurasa arobaini. Kisha akanyoosha mkono, na haukuwa wa kuagana. Alitaka kadi yake. Yule binti alivua glavu, akalishika joho kwa vidole vitupu hapo kwenye kola, akamwangalia Kiraka. "Samahani, baba," akasema. "Sikuujua mshono." Katika jengo lile lote, ndiyo sentensi pekee ya Kisufi iliyosemwa tangu msingi uwekwe.

Siku ya uzinduzi alikwenda. Ndiyo, alikwenda, wala hatutamfichia aibu. Tena alikwenda na joho kwenye mfuko wa plastiki, akilipakata, akitumaini kwamba dakika ya mwisho watamwita. Walimweka nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki.

"Mstari wa mbele umehamia huku?" mkewe akamnong'oneza.

"Nyamaza, mama watoto."

"Nauliza tu, nijue pa kutazama."

Pazia likavutwa, taa zikawaka, na ndani ya kabati la kioo palikuwa na joho. Jipya. Lilishonwa kwa siku moja na washona mapazia, likachovywa kwenye maji ya chai lipate uzee. Viraka vilikuwa vingi, vya rangi za kupendeza, vimeshonwa juu ya nguo nzima. Chini yake hapakuwa na tundu hata moja. Kiraka alikodoa macho akilitafuta tundu kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba iliyochorwa ukutani. Ilikuwa ni plasta juu ya ngozi isiyo na jeraha. Kwenye kibao waliandika "mfano wa khirka," kwa herufi ambazo mtu angehitaji kile kioo cha yule binti azione. Bosi mmoja alilia. Akasema amehisi kitu.

Daktari akahutubia saa nzima kwamba mwanadamu ni joho la viraka, hana kitambaa chake. Maneno yalikuwa mazuri, tena ya kweli, na hilo ndilo la kuudhi. Kisha ikatangazwa kwamba maswali yaandikwe kwenye karatasi. Kiraka akaazima kalamu, akaandika pole pole akitoa ulimi kidogo, kama anatunga uzi kwenye sindano. Mshereheshaji alisoma maswali ya watu watatu, yote yalikuwa sifa zilizowekewa alama ya kuuliza mwishoni. La nne alilisoma kimoyomoyo, akamwangalia Daktari, akampa. Daktari akasoma. Akakunja karatasi mara mbili.

"Swali zuri sana," akasema. "Mwenye swali hili ataletewa jibu kwa maandishi."

Walipotoka mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye lango alisimama mlinzi, mtu mzima mwenye sare nyembamba iliyomgandia mwilini, anakohoa. Alikuwa haruhusiwi kusogea chini ya paa la mbele, kwa kuwa lilikuwa la wageni.

"Una baridi?" Kiraka akamwuliza.

"Baridi ndiyo iliyo na mimi, mzee."

Kiraka akasimama na mfuko wake. Watu walimpita mbio kwenda kwenye magari. Mkewe alimngoja bila kusema, na hilo peke yake ni jambo la kuandikwa. Alitaka kusema kesho. Alitaka kulishona kwanza hapa begani. Akaona vidole vyake vimekamata mfuko kama alivyoikamata ile kadi, na hapo akalitoa joho haraka, kama mtu anayetua sufuria ya moto, akamvisha.

Mlinzi akajipapasa. "La nani hili?"

"La fundi wa magari. La nesi. La shemeji yangu, ukimwona usiseme."

"Wote hao? Basi hakuna atakayelidai," mlinzi akasema, akalifunga kifuani.

"Haya twende," mkewe akasema. "Angalau nimepata msumari wa kutundikia sufuria."

Mpaka leo mlinzi yuko kwenye lango lile. Siku za mvua amri ni kwamba aingie ndani, asimame karibu na kabati la kioo, alilinde. Analilinda lile la chai akiwa amelivaa la mkaa. Daktari hupita hapo kila asubuhi. Siku moja wageni wa mbali walipokuwa njiani, alimwambia avue tambara lile, linaharibu mandhari. Mlinzi akavua, akalikunja vizuri juu ya kiti, wageni wakaja, wakapiga picha kioo.

Likichanika, mlinzi hulileta chini ya ngazi. Kiraka hulishona hapo hapo. Juzi aliweka kipande cha sare ya mlinzi mwenyewe, ile ya zamani. Na kila mara, akikata uzi kwa meno, humwuliza, "Barua yangu?"

"Bado, mzee. Wako kwenye semina."

Swali lenyewe halikuwa refu, wala halikuhitaji mtu wa ng'ambo. Aliandika hivi: Ikiwa mtu amekuwa viraka vitupu, na kila kiraka ni cha mtu mwingine, basi anayesikia baridi ni nani?